Taa Zilizorukwa na Akili Kwenye Kupamba kwa Riziki

Nikuambieni ukweli, kuna aibu za kusimulia na kuna aibu za kuzikwa nazo, na hii nilikuwa nimeshaipangia kuzikwa nayo, lakini kila nikienda harusini pale Msambweni nawakuta wanawake wawili watatu wanatazama taa kisha wananitazama mimi, nikaona bora niseme mwenyewe kwa mdomo wangu kuliko kusemewa (maana wakikusemea wanakutilia na chumvi). Basi sogeeni, chekeni mtakavyocheka, lakini mkimaliza mnisikilize habari ya Bi Saumu, kwa sababu habari yenyewe hasa ni yake, mimi ni mkosefu tu niliyemo ndani.

Kwa msiyenijua, naitwa Mwanatumu. Asubuhi nafundisha chekechea, na mchana wenzangu wakilala mimi nachezea taa. Si taa za kubadilisha balbu, la! Hizi ni taa za mkanda, ule mkanda mwembamba kama utepe wa kushonea, uliopangwa vitaa vidogo vidogo, na kila kitaa kina akili yake. Unakuwa na kisanduku chako cha kuendeshea, ndani yake mna kikompyuta kisichozidi kidole gumba, na hicho ndicho kinachotoa amri: wewe wa kwanza uwe mweupe, wewe wa pili mweupe, wewe wa tatu dhahabu. Na amri zenyewe zinapita kama sahani ya halua mkekani, wa kwanza anachukua tonge lake anampitishia jirani, jirani naye anachukua lake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu. Nilijifunza peke yangu, kwa video za kwenye simu, na vidole vyangu vina alama nyingi za kuungua na chuma cha kulehemu kuliko za mafuta ya mahamri, jambo linalomuudhi sana mamangu.

Sasa Riziki, binti wa shangazi yangu kule Munje, akaposwa. Aliposwa na watu wa Mombasa, watu wenye uwezo wao na maneno yao, na mama mkwe mtarajiwa, Bi Rukia, akaleta ujumbe kwamba wao watakuja na wapambaji wao kutoka mjini, na jukwaa, na maua, na viti, "ili siku ya kupamba, bibi harusi akitolewa mbele ya wanawake, isiwe na upungufu." (Nyinyi mnaijua hiyo lugha. Tafsiri yake ni kwamba watu wa Munje hamna kitu.) Riziki, ambaye hata akikanyagwa yeye ndiye anayeomba radhi, safari hii alikataa. Alisema, "Mwambieni Mama nashukuru sana, lakini jukwaa langu atalipamba binti wa mjomba wangu. Yule ni fundi." Neno likafika Mombasa, na jibu halikurudi. Hapo sote tukajua kwamba jukwaa hilo likiharibika halitakuwa limeharibika jukwaa peke yake, ni neno la kwanza alilolisema Riziki katika nyumba anayokwenda kuishi, na atalisikia masikioni mpaka azeeke.

Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilivimba kichwa. Kila niliyekutana naye sokoni nilimwambia aje mapema apate kiti cha mbele, kwamba ataona mambo ambayo hata hoteli za Diani hazijayaona, na mamangu akawa ananiangalia tu na kusema, "Mwanatumu, ngoma ikilia sana hupasuka," nami namjibu kwamba hii si ngoma, hii ni sayansi.

Siku yenyewe asubuhi nilifunga kila kitu ukumbini. Nyuma ya kiti cha bibi harusi nilisimamisha pazia jeupe, nikapitisha mkanda juu yake mkunjo kwa mkunjo, kisanduku nikakificha hapo hapo nyuma ya kiti, na vyote viwili vinakula umeme mmoja kutoka chaja moja kubwa. Nikashika simu yangu (taa zenyewe naziendesha kwa simu), nikabonyeza nyeupe, zikawa nyeupe. Nikabonyeza dhahabu, zikawa dhahabu, zimetulia tuli. Shangazi Mwanajuma, mamake Riziki, alitokwa na machozi. Nikamwambia, "Usilie sasa shangazi, yaweke ya alasiri," nikaenda zangu nyumbani kuoga na kujifukiza udi.

Alasiri narudi, nimejikwatua, nanukia, namkuta Bi Saumu ameketi mlangoni na kapu lake. Bi Saumu ni jirani wa shangazi, mtu mzima, mrefu, mkavu, maneno yake ya kuhesabu, na huyo ndiye awekwaye mlangoni kila kupamba kwa sababu hahongeki wala habembelezeki.

"Shikamoo Bi Saumu."

"Marahaba. Simu."

Lahaula! Simu! Ukumbini mle wamo wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa, vichwa vi wazi, kila mtu amevaa lake la kuvalia ndani, na hakuna mwanamke wa kwetu anayetaka picha yake ya namna hiyo izagae mitaani, kwa hivyo simu hazipiti mlango ule. Hilo nalijua tangu nipate akili. Mimi mwenyewe nimeshamsema mtu kwa kuingia na simu kupambani! Na bado mimi huyo huyo nilikaa wiki tatu nikitengeneza taa zinazoendeshwa na simu, kwa ajili ya mahali pekee katika Kwale nzima pasipoingia simu.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Ningemwambia Bi Saumu ukweli, kwamba nina shida, tusaidiane. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba fundi mashuhuri hakufikiria, na nyuma yangu walikuwa wamesimama wageni wawili wa Mombasa wananitazama, wananukia marashi yao ya mjini. Nikainua kidevu nikasema, "Mimi nitakaa nje ujiani, nina kazi ya kiufundi." Nikasogea ujiani, upande wa nje wa pazia la mlango, nikajaribu simu. Haikukiona kisanduku. Kuta za ukumbi ule ni nene, na mawasiliano yangu yalikuwa ya karibu karibu. Basi nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, hata dakika kumi haukuchukua: nikaiacha simu ujiani, nikaingia, nikakichomoa kisanduku nyuma ya kiti, nikakileta ujiani nilipo mimi.

Mkobani nilikuwa na waya wa kengele, mwembamba, kiasi cha mita tisa. Mmoja tu. Nikajiambia, amri ni moja, waya ni mmoja, yatosha. Nikauunga kwenye mkanda kule jukwaani, nikaupitisha chini ya mkeka kando ya ukuta, ukapita chini ya kiti cha Bi Saumu, ukatoka ujiani ukaingia kwenye kisanduku. Kisanduku nacho nikakipa umeme wa pawabenki yangu, kwa kuwa huko ujiani soketi hakuna. Nikaona nimefanya ujuzi wa hali ya juu.

Tatizo lilikuwa moja, ujiani sioni jukwaa. Nikasikia mtu akisema, "Haya fundi, washa!" nikabonyeza nyeupe. Ndani wakapiga ukelele, "Aaaah!" Jamani, nilifurahi! Nikajua wamestaajabu. Nikaongeza mwangaza. "Aaaaaah! Subhanallah!" Nikasema moyoni, hawa watu bado hawajaona kitu, nikabonyeza dhahabu na mwangaza nikaupeleka mpaka mwisho, na ukelele uliotoka humo ndani haukuwa tena wa kustaajabu, ulikuwa wa mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Nikachungulia.

Astaghfirullah. Taa zilikuwa zimerukwa na akili. Huku nyekundu, huku kijani, katikati zambarau, zinawaka zinazima, zinatetemeka, zinakimbizana kutoka pembe hii hadi ile, na ukumbi ulikuwa umefungwa mapazia mazito kwa ajili ya sitara, kwa hivyo hapakuwa na mwangaza mwingine wa kuzipunguza makali. Bibi mmoja amejifunika uso kwa leso. Mwingine anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Na Bi Rukia, mama mkwe, amekaa karibu na mlango, wima, mikono juu ya mapaja, uso wake unageuka kijani, unageuka nyekundu.

Hapo bado ningeweza kusema nimekosea. Badala yake niliishika maiki ya mshereheshaji nikatangaza, "Samahanini kina mama, ni stima hizi za kwetu." Kutoka nyuma sauti ikauliza, "Mbona mapangaboi yazunguka sawa?" Wakacheka. Nikasema, basi ni joto. Wakacheka zaidi. Nikaenda jukwaani, nikagusa mwanzo wa mkanda pale nilipounga waya, na taa zikatulia! Nyeupe, safi, kama asubuhi. Nikaondoa mkono, zikaruka wazimu. Nikarudisha mkono, zikatulia. Nikawa nimesimama pale mbele ya wanawake mia na ushei, maiki mkono huu, mkono ule umeng'ang'ania pazia, na nikiteremsha kidole kimoja tu rangi zinaanza kupigana. "Mwacheni hapo hapo!" akasema mmoja wa upande wa Mombasa. "Bibi harusi atakaa, na huyu atashikilia!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na shangazi Mwanajuma alikuwa hacheki, alikuwa ananitazama kama mtu anayemwona mwanawe akipanda mti uliooza.

Na mlango wa chumba cha ndani ukafunguka kidogo, nikaliona jicho la Riziki, limepakwa wanja, linatazama. Alikuwa tayari. Alitakiwa kutoka kabla ya Maghribi.

Basi mtu akitapatapa hushika chochote. Macho yangu yakaufuata waya, chini ya mkeka, kando ya ukuta, mpaka kwenye kiti cha Bi Saumu, na mdomo wangu (Mwenyezi Mungu anisamehe) ukafunguka ndani ya maiki: "Bi Saumu! Kumbe ni wewe! Umenikanyagia waya wangu!"

Kicheko kikakatika. Mtu wa umri ule, mbele ya wageni, kwa kipaza sauti. Mamangu alishika kichwa.

Bi Saumu alimpa mwenzake wa mlangoni kapu, akanyanyuka polepole, akaja mpaka jukwaani, akanitoa maiki mkononi akaizima na kuiweka chini. Mimi nilikuwa nangoja kofi. Akaniinamia sikioni, kwa sauti ndogo.

"Asubuhi zilikuwa zawaka vizuri?"

"Ndiyo, Bi."

"Umebadilisha nini tangu asubuhi?"

"Sikubadilisha kitu."

"Mwanatumu." Akanishika bega. "Mficha uchi hazai. Mimi sikuulizi ili nikucheke. Umebadilisha nini?"

Wallahi nililia pale pale. Nikamwambia yote, simu, ujia, kisanduku, waya wa kengele. Yeye hakunikatiza wala hakunilaumu. Aliushika ule waya akaufuata kwa vidole, hatua kwa hatua, mpaka ujiani, mimi nyuma yake kama kifaranga, akakitazama kisanduku, akaitazama pawabenki, akarudi kuutazama waya.

"Huu ndio wa kwenda," akasema. "Wa kurudi uko wapi?"

"Bi, huu ni wa amri tu, si wa umeme..."

"Kidude chako hiki sikijui, na sitakudanganya kwamba nakijua. Lakini asubuhi hivi viwili vilikuwa vyala sahani moja. Sasa mmoja umemtoa nje na chakula chake mwenyewe, halafu umempa waya mmoja wa kumpigia mwenzake kelele. Mwenzake atajuaje ipi ndiyo na ipi siyo? Ulipoweka mkono wako, mwili wako ndio uliokuwa ukijaribu kuwapatanisha. Cha kwenda kisicho na cha kurudi sijakiona kikifanya kazi popote."

Jambo hilo nimelisoma! Nimelisikia katika video zaidi ya ishirini, kwamba kisanduku na mkanda lazima viunganishwe waya wa hasi, ule mweusi, vipimiane kutoka mahali pamoja, la sivyo taa zitacheza, na kwamba waya wa amri ukiwa mrefu hivyo nao ni balaa lake. Nilikuwa nayo yote kichwani, nikaisahau kwa sababu ya kuinua kidevu. Na huyu mama, ambaye miaka yote mimi namjua kwa kapu la simu, aliipata kwa vidole na maswali mawili. Nilikuja kuambiwa baadaye na shangazi kwamba ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha sukari kule Ramisi, akisuka upya nyaya za mota zilizoungua, mwanamke peke yake ndani ya chumba cha wanaume, na mota aliyoifunga yeye ilikuwa hairudi tena mezani.

"Riziki ataka rangi ngapi?" akaniuliza.

"Nyeupe akitoka, dhahabu akikaa."

"Dhahabu hatakufa akiikosa. Waweza kukiambia kidude kibaki na nyeupe tu, hata bila simu?"

Naweza! Nilikiwekea nyeupe pale pale ujiani, nikakiamuru kila kikiwashwa kianze na hiyo hiyo, simu nikamkabidhi mwenyewe bila kuombwa. Tukakirudisha kisanduku nyuma ya kiti. Aliniambia nizime kwanza kabisa, nisifunge kitu chenye uhai. Nikaung'oa waya wa kengele, nikarudisha nyaya fupi za asubuhi, wa amri na ule mweusi wa hasi, na kisanduku kikarudi kula kwenye chaja moja na mkanda. Kila nilipofunga aliniambia, "Vuta." Nikavuta. "Na huo." Nikavuta. Mmoja ukachomoka mkononi, nikaona haya, naye akasema, "Bora uchomoke sasa," akanishikilia nikaufunga upya. Nilijifunza mengi katika robo saa ile kuliko katika video zote nilizowahi kutazama.

"Haya. Bismillahi."

Nikawasha. Nyeupe. Kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna hata kitaa kimoja kilichopepesa. Ukumbi ukapumua, kisha vigelegele vikapanda mpaka nikadhani paa litaondoka.

Na hapo ndipo Bi Rukia aliponyanyuka, kwa heshima zake zote, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Kumbe kulikuwa na nini, wenzangu?"

Nilijua linalokuja, na nilijua ni haki yangu. Nikainamisha kichwa.

Bi Saumu akajibu, "Ni mimi, bibi. Nilikanyaga waya wa mtoto. Niwieni radhi nyote."

Akarudi mlangoni akaketi na kapu lake. Nami, jamani, nilinyamaza. Hiyo ndiyo aibu yangu hasa, si zile taa. Maiki ilikuwa hatua mbili kutoka miguuni pangu na nilinyamaza, na Riziki akatoka, na ile nyeupe ikamwangukia juu ya shela, akawa mzuri mpaka watu wakasahau kumtunza pesa, na mimi vigelegele niliwaachia wengine.

Kesho yake nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari na kilio. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile, na mimi ndiye niliyemvunjia heshima. Alikuwa akichagua mchele, hakuinua macho. "Jina langu mimi lishakomaa, mwanangu, waya hauliangushi. Lako ndiyo kwanza lachipua. Na fundi wa kike nilimjua mmoja zamani, nikajua anavyochekwa." Nikamwambia nitakwenda kusema ukweli. Akasema, "Hiyo ni juu yako," akaendelea na mchele wake.

Ilinichukua mwezi. Tulipokwenda Mombasa kumtembelea Riziki kwake, tukakaribishwa, tukala, na kabla ya kunawa nikamwambia Bi Rukia mbele ya wote kwamba Bi Saumu hakukanyaga waya wowote, kosa lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho, na nilinyamaza kwa kujipenda. Riziki akainama kutazama sahani yake.

Bi Rukia akacheka, kicheko cha polepole. "Tulijua, mama. Mimi si nilikuwa nimekaa pale pale ubavuni pake? Yule bibi alikuwa amekunja miguu juu ya kiti saa nzima, mguu wake haukugusa chini. Tulikuwa twangoja tuone wewe utasema lini." Akamgeukia Riziki, akamshika mkono. "Na nikuambie kitu, zile taa zenu wala sikuzitazama sana. Nilimtazama yule bibi alivyosimama akajibebesha lisilo lake. Usiku ule nilimwambia mwanangu, shukuru, huyu msichana ametoka kwa watu."

Sasa mimi nimejiwekea nadhiri, na nyinyi ni mashahidi wangu: taa zikinichezea, wa kwanza kuulizwa ni mimi mwenyewe, nimebadilisha nini, na nitajibu kwa sauti, hata kama ukumbi umejaa watu wa Mombasa. Na kila Jumamosi asubuhi niko barazani kwa Bi Saumu na kisanduku changu na nyaya zangu, mimi namfundisha vitaa na yeye ananifundisha mengine yote.